Jiko Kabla ya Msumeno

Makabati ya jikoni yakishapigwa rangi na kung'aa, kila mgeni hupapasa milango na kumsifu fundi. Sifa zangu mimi nazipeleka nyuma kidogo, kwenye daftari la hesabu lenye viboksi na madoa ya gundi. Humo ndimo jiko lilimotengenezwa. Kilichofuata ni kukata na kukaza skrubu, kazi ambayo hata kijana wa karakana anaiweza akisimamiwa vizuri.

Fundi ninayemsema yuko Keko, Dar es Salaam, kwenye mtaa wa maselemala. Akiitwa kukarabati jiko la zamani, huja na futi kamba, pima maji na penseli iliyochomekwa sikioni. Ukuta mmoja anaupima mara tatu: chini kwenye sakafu, usawa wa kaunta, na juu karibu na dari. Nyumba zetu nyingi zimejengwa chumba baada ya chumba kadiri fedha ilivyopatikana, kwa hiyo ukuta wenye mita 3 chini unaweza kupungua sentimita mbili ukifika juu. Kabati lililokatwa kwa kipimo kimoja litagoma kuingia, na hapo ndipo nyundo na matusi huanza.

Kisha anaigeukia kona. Anaweka alama sentimita 60 upande huu, sentimita 80 upande ule, halafu anavuta futi kamba kati ya alama hizo mbili. Ikisoma 100, kona ni mraba. Ikisoma 101, ameshajua kwamba kona imepanuka, na kabati la mwisho litahitaji kipande cha kuziba mwanya. Anaandika, anapima tena, anaandika upande wa pili wa ukurasa. Hana haraka hata kidogo.

Sehemu ninayoipenda zaidi inakuja baada ya hapo. "Mama, naomba uvue viatu, usimame hapa, ukunje mkono kama unayekata mchicha." Anapima kutoka kiwiko hadi sakafuni, kisha anatoa sentimita kumi hadi kumi na tano. Huo ndio urefu wa kaunta ya mpishi huyo, si wa kaunta ya picha iliyoletwa kwenye simu. Na kabla ya kupima huuliza nani hasa anapika. Mwenye pesa akiwa mrefu na dada wa kazi mfupi, kaunta inapimwa kwa dada. Sehemu ya jiko la kupikia huishusha zaidi, kwa sababu ugali husongwa kwa uzito wa bega, na sufuria nayo ina kimo chake juu ya moto. Ataulizia pia mbuzi ya nazi inakaa wapi, unga unanunuliwa kwa mfuko au kwa kilo, na mtungi wa gesi utasimama upande gani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, ndiyo maana tundu la hewa analichora chini, hata kama lile la juu lipo tayari.

Kumpimia mpishi jiko lake si jambo jipya. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za manispaa mjini Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.44, akihesabu hata hatua za mpishi kutoka sinki hadi jiko la kupikia. Majiko kama elfu kumi ya aina hiyo yalijengwa. Fundi wetu hana saa ya kupimia hatua, ila humwomba mama achemshe chai, yeye akasimama mlangoni akitazama miguu yake tu.

Sasa hesabu. Ubao wa MDF una sentimita 122 kwa 244. Ubavu wa kabati la chini ni sentimita 60 kwa 72. Mbili zikilala sambamba zinakula 120, na sentimita mbili zinazobaki zinatosha njia ya msumeno. Kwa urefu zinaingia tatu, hivyo ubao mmoja unatoa mbavu sita, yaani makabati matatu, na kipande cha karibu sentimita 28 kinabaki kwa ajili ya droo. Mteja akisema, "Fundi, niongezee kina kidogo, iwe 62," ubao uleule unatoa mbavu tatu tu. Sentimita mbili zimeongeza idadi ya mbao za mbavu maradufu! Yote hayo anayaona kwenye viboksi vya daftari, kabla senti moja haijatoka. Mpishi akiwa mrefu, fundi haongezi ubavu wa kabati. Anainua msingi wake wa chini, kwani huo unatoka kwenye vipande vilivyobaki.

Upande wa fedha, ukurasa wake una safu za kitu, kipimo, idadi, bei na duka. Bawaba na reli za droo anaziandika mwanzo na hapunguzi hapo. Vishikio na rangi ya milango anaviweka mwisho, maana hivyo vinaweza kusubiri mshahara mwingine. Vigae anaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vitakavyovunjika na vya kukata pembeni. Chini kabisa kuna fungu la dharura, nalo ndilo huleta ubishi.

"Hii ya nini tena? Si unipe bei moja tu?"

"Mama, mle ukutani kuna bomba ambalo bado sijaliona."

Mpangilio wa kazi nao umeandikwa hapohapo: kubomoa, fundi bomba, fundi umeme, plasta, vigae vya sakafu, ndipo makabati. Kaunta ya graniti hapimiwi mtu hadi makabati yafungwe na kusimama sawa, kwa kuwa jiwe likishakatwa halirefuki.

Kupima na kuchora vyote humchukua siku nzima, na wateja wengi hawataki kulipia siku hiyo kwa sababu hakuna kilichopigiliwa msumari. Ukimpata fundi wa namna hii, mlipe na siku ya daftari, na usimharakishe.