Embe la Machakos Darasani
 Anayesomea biashara ya kimataifa na siasa zake katika Chuo Kikuu cha Machakos hahitaji kwenda mbali: embe la sokoni linamtosha. Alipasue, akute funza wa nzi wa matunda, mdudu aliyeifanya Kenya isitishe kuuza maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021. Mkulima akabaki na dalali, tena dalali ndiye mpanga bei. Mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024, ila kufutwa ushuru hakumfukuzi funza. Hilo, nadhani, mwanafunzi wa Machakos huling'amua kabla ya mwenzake wa Nairobi.