Usiiguse Saa, Andika Kosa Lake

Mkazi wa Malindi akitazama simu ikaonyesha 10:00, atakwambia ni saa nne. Haibadilishi simu wala habishani nayo. Namba ameiacha ilivyo, na tofauti ya saa sita anayo kichwani. Kaskazini ya mji huo, katika kituo cha anga cha Luigi Broglio pale Ngomeni, kazi ya namna hiyohiyo hufanywa kwa vipimo vya sehemu za milioni za sekunde. Anayeandika programu ana la kujifunza hapo.

Darubini ya eksirei ya NASA iitwayo NuSTAR ilirushwa tarehe 13 Juni 2012, ikawekwa karibu na ikweta kwenye kimo cha kilomita 600 hivi. Data zake huteremka zaidi kupitia Malindi. Kila chembe ya mwanga inayonaswa huandikiwa wakati wake, na wakati huo hutoka kwenye kristali inayotetema takriban mara milioni 24 kwa sekunde. Kristali hiyo huathiriwa na joto. Chombo hutoka juani na kuingia kivulini katika kila mzunguko, nayo saa hukaza mwendo au kulegea kidogo. Imetengenezwa kuvumilia mabadiliko hayo, lakini bado kuna mabaki ya kosa, na mabaki hayo hujilimbikiza.

Kwanza tutenganishe maswali mawili. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Matteo Bachetti ilitangaza kuwa M82 X-2, chanzo cha eksirei kilichodhaniwa kuwa shimo jeusi, hupiga mapigo kila sekunde 1.37. Swali lao lilikuwa: muda gani umepita kati ya pigo na pigo? Lakini anayetaka kulinganisha NuSTAR na darubini nyingine anauliza jingine: ilikuwa saa ngapi hasa? Saa inaweza kujibu la kwanza vizuri na la pili vibaya.

Wataalamu walilijibu la pili kwa hatua. Chombo kinapopita juu ya kituo, saa yake hulinganishwa na saa ya dunia, na muda wa safari ya mawimbi hutolewa kwenye hesabu, kwa kuwa kilomita 600 pekee huchukua milisekunde mbili. Baina ya pito moja na jingine hakuna kipimo. Pengo hilo walilijaza kwa kumbukumbu za joto la kristali: joto likiwa hivi, mwendo wa saa huwa hivi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha usahihi wa takriban mikrosekunde 65. Katika muda huo mwanga husafiri kilomita 19 na ushei, karibu sawa na kutoka Malindi hadi Watamu.

Lililo bora zaidi ni mahali walipoyaweka masahihisho. Yamo katika faili la pembeni, na programu ya uchambuzi huyatumia wakati wa kusoma data. Hesabu asilia ya saa haikufutwa. Kanuni ikiboreshwa, data za miaka ya nyuma hunufaika pia.

Sasa tazama upande wa pili. Mwisho wa mwaka 2016 dunia iliongeza sekunde moja kwenye saa. Huku kwetu ilikuwa tarehe 1 Januari 2017, ikikaribia saa tisa usiku. Programu ya kampuni ya Cloudflare, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilitoa wakati wa mwanzo kwenye wakati wa mwisho, ikapata namba hasi, na baadhi ya huduma zake zikaanguka. Ilipima muda kwa saa ya kalenda, ambayo inaweza kurudishwa nyuma. Agosti 2017, Go 1.9 ilianza kubeba vipimo viwili pamoja: wakati wa kalenda, na hesabu isiyorudi nyuma.

Hata hesabu hiyo haifanani kwenye kila mashine. Kwenye Linux, ile ya kawaida husimama kompyuta inapolala; kwenye Windows kuna inayoendelea. Baadhi ya mashine zimewahi kurudisha nyuma hata ile iliyoahidiwa kutorudi, ndiyo maana mwaka 2022 lugha ya Rust, toleo 1.60, iliamua kuwa tofauti hasi ihesabiwe sifuri badala ya kuiangusha programu. Naukubali uamuzi huo, kwa sharti moja: programu iandike mahali kwamba tofauti hasi imetokea. Sifuri isiyoelezwa inaficha ugonjwa wa mashine.

Chukua programu ya simu inayoandika uzito wa samaki wanaposhushwa pwani ya Kilifi. Chaji ikiisha, simu ya bei nafuu inaweza kuwaka ikidhani ni mwaka 1970. Kishawishi ni kuifuta tarehe hiyo na kubandika ya seva. Usifanye hivyo. Hifadhi tarehe iliyosomwa kwenye simu, hesabu ya muda tangu simu iwashwe (ile isiyosimama simu inapolala, isomwe wakati wa kupima na tena wakati wa kutuma), na wakati seva ilipopokea. Kwa hayo matatu, ikiwa simu haikuzimwa tena kabla ya kutuma, saa ya kweli ya mzigo ule inaweza kupatikana hata kama mtandao ulichelewa siku nzima. Ukibakiza ya seva peke yake, samaki wa alfajiri watahesabiwa kuwa wa jioni, na hakuna atakayeweza kuligundua kosa hilo.