Kupima ushahidi wa kidonge cha manjano

Kopo la vidonge vya bizari ya manjano likiandikwa "antioksidanti yenye nguvu", uliza kwanza nguvu hiyo ilipimwa wapi. Mara nyingi ni ndani ya mrija wa maabara, ambako mimea mingi yenye rangi kali hufaulu. Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha orodha ya vyakula kwa alama za ORAC, kipimo cha mrijani. Mwaka 2012 iliiondoa, kwa sababu alama hizo hazikuonyesha kinachotokea mwilini na wauzaji walizitumia vibaya.

Baada ya mrija huja panya, na matokeo ya panya yanatosha kuhalalisha jaribio kwa binadamu, basi.

Kwa binadamu, tazama kama kitu chenyewe kinafika kwenye damu. Kurkumini, kiini cha rangi ya manjano, hufika kwa shida mno. Watafiti wa Bangalore waliripoti mwaka 1998 kwamba baada ya watu kumeza gramu 2, damuni ilionekana kidogo sana au haikuonekana kabisa. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, kiungo kikali cha pilipili manga, ufyonzwaji ulipanda kwa asilimia 2000. Wauzaji huipenda takwimu hii, nayo ni ya kweli. Ila kitu kidogo sana kikizidishwa mara ishirini huweza kubaki kidogo. Tena kufika damuni si kuponya: mapitio ya mwaka 2017 katika Journal of Medicinal Chemistry hayakuona jaribio hata moja la kurkumini lililofaulu kati ya yale ambamo mgonjwa na daktari hawajui nani kapewa kidonge bandia.

Ushahidi bora nauona katika jaribio la Finland lililotoa matokeo mwaka 1994. Wavutaji sigara wanaume 29,133 walifuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8. Wengine walipewa beta-karotini, rangi ya karoti iliyosifika kama antioksidanti, wengine hawakupewa, na kilichohesabiwa ni ugonjwa wenyewe, si alama ya damu. Saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa. Jaribio la namna hii nalithamini kuliko mia ya mrijani, maana lilikuwa na uwezo wa kuwakatalia waliolianzisha.

Kwa hiyo kopo lenye manjano na piperini lisome kwa makini zaidi. Piperini hubadilisha namna ini linavyovunja dawa nyingine, na madaktari wa Marekani wameripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kumeza vidonge vya manjano, baadhi vikiwa na piperini. Ukiwa unatumia dawa ya hospitali, mpelekee mfamasia kopo lenyewe kabla ya kulifungua.