Dhamira ya mkate wa Solo

Juzi mjukuu wangu alinikuta nikitazama The Man from U.N.C.L.E. kwa mara ya nne. "Hata wewe, Babu?" akacheka. Kisha akaniuliza swali alilofunzwa darasani: "Dhamira yake ni nini?" Nikaduwaa. Mimi, ambaye nimelitunga swali hilo hilo katika mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini!

Filamu hii ya Guy Ritchie ilitoka mwaka 2015, mwaka uliofurika majasusi: kulikuwa na Kingsman, Spectre na Mission: Impossible – Rogue Nation. Katika msongamano huo wengi waliipita tu. Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka 1963, Napoleon Solo wa CIA na Illya Kuryakin wa KGB, mahasimu wa damu, wanalazimishwa kushirikiana kuzuia bomu la nyuklia lisiangukie mikononi mwa matajiri wa Italia wanaoufuata Unazi. Wanaye Gaby, fundi wa magari kutoka Berlin Mashariki. Basi.

Lakini hebu litazame tukio la lori. Majasusi wetu wanatoroka kwa boti usiku, na Solo anatupwa majini. Anaogelea, anapanda nchi kavu na kuingia katika lori lililoegeshwa. Humo anakuta kikapu cha chakula: mkate na mvinyo. Anafungua redio, wimbo wa mapenzi wa Kiitaliano unaanza, naye anakula. Huko nje, kupitia kioo, tunamwona Illya akikimbizwa huku na huku, kisha moto. Solo anatafuna. Hatimaye, kama mtu aliyekumbuka deni, analiwasha lori na kulitumbukiza majini juu ya boti ya maadui, kisha anamwokoa mwenzake anayezama.

Sisi walimu hufundisha kuwa taharuki ni hamu ya kujua litakalofuata. Hapa litakalofuata tunalijua. Kinachotukereketa ni kujua mtu huyu atatafuna hadi lini.

Ritchie anaurudia mchezo huo kwa namna ya kutisha zaidi. Mtesaji wa Kinazi, mjomba wake Gaby, amefungwa kwenye kiti chake mwenyewe cha umeme. Solo na Illya wanatoka nje ya chumba, wajadili kwa utaratibu wamfanyeje. Nyuma yao, ng'ambo ya kioo, kiti kinaharibika na mtu anaungua. Wanageuka wamechelewa, na Solo anakumbuka koti lake limebaki ndani. Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba nimecheka. Ni kejeli chache za jukwaani zilizowahi kunifanyia hivyo.

Wapo wasemao filamu hii ni suti na miwani tu. Kuna ukweli kidogo. Zile mbio za kisiwani, skrini ikikatwakatwa vipande, hunichosha kila mara. Ila ukiwa na kazi ambayo vurugu lake liko nyuma na adabu iko mbele, huwezi kuihakiki kwa kutazama mbele pekee.

Dharau hii naijua, maana nimewahi kuigawa mwenyewe. Kizazi changu kilimsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba chini ya dawati, na baadaye Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndani ya matatu. Tulipopata shahada tukaviita vitabu hivyo fasihi pendwa, pua tumezibana. Nimewahi kumkatalia mwanafunzi mada ya tasnifu kwa sababu tu alitaka kuandika juu ya Gamba. Alichagua riwaya "nzito" na kuiandikia kazi ya kusinzisha. Sijui kama aliwahi kunisamehe.

Kwa hiyo mjukuu wangu sikumjibu. Nilirudisha filamu nyuma hadi kwenye lori, nikamwambia autazame uso wa Solo, aachane na boti. Wimbo ulipokwisha, aliomba turudie.