A. S. Hornby na Kamusi ya Mwenye Kujifunza

Mtungaji wa kamusi hupimwa kwa makosa aliyowaepusha wasomaji wake. Kwa kipimo hicho, kazi ya A. S. Hornby yastahili kuangaliwa na kila mtu ashughulikaye na kamusi za Kiswahili.

Hornby alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1898. Mwaka 1924 alikwenda Japani kufundisha fasihi ya Kiingereza katika mji wa Oita, akaona kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe kabla ya fasihi. Akajiunga na Harold Palmer, aliyeongoza uchunguzi wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo. Na Palmer alipoondoka mwaka 1936, Hornby aliiendeleza kazi hiyo. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield alitunga kamusi iliyotolewa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita. Oxford waliichapisha tena mwaka 1948, nayo ikaenea duniani, hata katika shule za Afrika ya Mashariki. Mwenyewe alifariki mwaka 1978.

Ubora wa kamusi hiyo hauko katika wingi wa maneno. Kamusi nyingi zilimwambia msomaji neno lina maana gani. Hii ilimwambia pia litumiwe vipi. Vitenzi viligawanywa katika mifano 25 ya sentensi, na kila kitenzi kikapewa namba za mifano yake. Mwanafunzi ajuaye kwamba «want him to go» ni sahihi hudhani kuwa «suggest him to go» ni sahihi pia. Kanuni ya jumla haimzuii. Humzuia alama iliyo kando ya neno lenyewe.

Hata hivyo, namba ni mzigo. Msomaji hana budi kuzikariri au kufunua jedwali kila mara, na wengi huzipita bila kuzitazama. Toleo la mwaka 1989 liliziacha. Shabaha ya Hornby ilikuwa njema kuliko chombo chake.

Jambo hili latuhusu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huonyesha kama kitenzi ni elekezi au si elekezi. Ni hatua njema, lakini haitoshi. Vitenzi -la na -pa vyote viwili ni elekezi. Lakini «nimekula ugali» ni sahihi, na «nimepa kitabu» si sahihi, kwa kuwa -pa hakikubali kukaa bila kiambishi cha mpewa: «nimempa kitabu». Mzaliwa wa Pemba hahitaji kuambiwa hayo. Mgeni ahitaji, na watoto wengi wa bara waanzao Kiswahili shuleni wahitaji vilevile.

Basi tusimwige Hornby kwa namba zake. Tumfuate katika swali lake: mwenye kujifunza atakosea wapi? Kisha chini ya kila kitenzi tuweke sentensi mbili tatu fupi, zilizochaguliwa kwa makusudi, zimwonyeshe njia kabla hajapotea.