Emma Mjini Beverly Hills: Uhakiki wa Filamu ya Clueless

Filamu ya Clueless, iliyoandikwa na kuongozwa na Amy Heckerling, ilitolewa Marekani mwaka 1995. Msingi wake ni Emma, riwaya ya mapenzi ya Jane Austen iliyochapishwa London mwishoni mwa mwaka 1815. Kuna ada ya kuipima filamu ya namna hii kwa uaminifu wake kwa maandishi ya asili. Kipimo hicho hakitoshi hapa, kwani burudani ya filamu hii inatokana na mageuzi yenyewe.

Kijiji cha Highbury kimekuwa Beverly Hills, na Emma Woodhouse, binti tajiri anayejitwika ushenga asioombwa, amekuwa Cher Horowitz, mwanafunzi wa sekondari. Picha ya Harriet aliyoichora Emma kwa mkono imekuwa picha ya kamera anayopigwa Tai. Gari la farasi ambamo Bwana Elton anamposa Emma limekuwa motokaa, na humo Elton wa sasa anamtaka Cher. Mtazamaji aliyeisoma riwaya hucheka mara mbili: kwa kisa chenyewe, na kwa kukitambua kilichojificha ndani yake.

Kwa upande wa fani, Austen husimulia kwa nafsi ya tatu, lakini mara kwa mara sauti ya msimulizi huyaazima mawazo ya Emma hata msomaji akapotoka pamoja naye. Heckerling amempa Cher nafsi ya kwanza: anajisifu mwenyewe huku picha zikimsuta. Kinaya ni kile kile, ingawa njia ya kukifikia ni nyingine.

Ugumu unaonekana katika suala la tabaka. Wasomaji wa Kiswahili watakumbuka kwamba Julius Nyerere aliiita tafsiri yake ya mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, na kwa jina hilo mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare akageuka tabaka zima. Nyerere aliuongeza uzito wa tabaka, Clueless inaupunguza. Katika riwaya, Emma anamdhihaki Bi Bates, mwanamke maskini asiyeolewa, mbele ya watu huko Box Hill. Bwana Knightley anamkaripia, na asubuhi ya pili Emma anakwenda nyumbani kwa Bi Bates akiwa na majuto. Katika filamu, anayeumizwa ni Lucy, mtumishi kutoka El Salvador, ambaye Cher anamdhania Mmeksiko, tena kana kwamba Kimeksiko ni lugha. Josh anamkaripia vilevile. Hata hivyo, majuto ya Cher hayafiki kwa Lucy. Yanaishia katika kukusanya misaada ya waathirika wa maafa ya Pismo Beach. Kadhalika, Austen anauacha urafiki wa Emma na Harriet upoe Harriet anapoolewa na mkulima Robert Martin, ilhali Cher na Tai wanabaki marafiki hadi mwisho.

Hapana shaka kwamba Heckerling amefaulu kuhamisha mandhari, wahusika na kinaya. Deni la tajiri kwa mnyonge limeachwa Highbury. Mwalimu atakayefundisha kazi hizi mbili pamoja yafaa awaache wanafunzi wacheke kwanza, kisha awaulize ni nani ambaye hakuombwa radhi.