Ufundi wa Mkwaruzo: Visanduku vya Gitaa la Metali, na Vipi Vinaifaa Bura

Sauti ya gitaa la hevi metali huzaliwa pale mawimbi ya umeme yanapokatwa vichwa. Uzi ukipigwa, kipokezi cha sumaku kilicho chini yake hutoa wimbi dogo lenye mgongo wa mviringo. Kikuza sauti kikilisukuma wimbi hilo kupita uwezo wake, kilele hukosa pa kwenda na kubaki bapa. Kwenye ubapa huo huchipuka sauti za juu ambazo hazikuwamo kwenye uzi. Pigo kubwa na pigo dogo hukaribiana kwa nguvu, na noti huendelea kuunguruma muda mrefu baada ya mkono kutulia. Kila kisanduku cha efekti wanachouziwa wapiga metali leo, kiwe cha bei nafuu au cha bei ya pikipiki mpya, kinaifanya kazi hiyo hiyo. Visanduku hutofautiana kwa yale yanayofanyika kabla ya mkato huo na baada yake.

Ufundi wenyewe ulianza kwa kuharibu vitu. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks, huko London, aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili gitaa likwaruze. Mwaka uliofuata, 1965, Tony Iommi wa Birmingham alikatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake yeye mpiga shoto ndio wa kubonyeza nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea hutoa sauti nzito na ya chini. Albamu ya kwanza ya kundi lake, Black Sabbath, ilitoka mwaka 1970, na muziki wote wa metali uliofuata umerithi tiba ya vidole vya mtu mmoja.

Pedali zilikuja kuurahisisha uharibifu huo. Boss ya Japani ilitoa HM-2 mwaka 1983 na kuacha kuitengeneza mwaka 1991, kwa kuwa wengi waliiona mbaya. Vijana wa Stockholm waliinunua kwa bei ya kutupa, wakazungusha nobu zake zote nne hadi mwisho, na kwenye albamu ya kwanza ya kundi la Entombed ya mwaka 1990 wakapata ngurumo inayofanana na msumeno wa mnyororo. Pedali iliyokuwa imedharauliwa ikawa ndiyo alama ya mtindo mzima, hadi kampuni ikalazimika kuirudisha sokoni mwaka 2020. Kisa hiki hukumbukwa mara nyingi na wenye ufundi, na kwa haki: kifaa hakijui kinafaa kwa nini mpaka apatikane wa kukisikiliza.

Kisha ikaja kompyuta. Line 6 ya Marekani ilitoa POD mwaka 1998, kidude chekundu chenye umbo la figo kilichoiga vikuza sauti vya vali kwa hesabu. Fractal Audio ilifuata na Axe-Fx mwaka 2006. Kemper ya Ujerumani ikaja na mashine inayonakili tabia ya kikuza sauti halisi. Line 6 ikarudi na Helix mwaka 2015. Na Neural DSP ya Helsinki ikaleta Quad Cortex, ambayo hujifunza sauti ya kikuza sauti kwa mtandao wa neva bandia ndani ya dakika chache. Bendi kama Meshuggah ya Uswidi ziliviacha vikuza sauti vya vali majukwaani na kutegemea mashine hizi. Ubishi wa iwapo hesabu inaweza kuiga vali umebaki kwa wapenda ubishi.

Afrika Mashariki masikio yamezoea gitaa safi. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya na mmoja wa wa kwanza nchini kushika gitaa la umeme, alipiga bila mkwaruzo. Benga ya Nyanza inataka kila noti isimame peke yake. Soukous ya Kongo huongezewa mwangwi mwepesi tu, na magitaa ya taarabu ya Tanga yalifuata njia hiyo hiyo. Metali ya Kenya ni zao la Nairobi. Kutoka kwenye bendi za huko, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, walitoka Martin Khanja na Sam Karugu, wakaunda Duma mwaka 2019. Albamu yao waliirekodi Kampala, ikatolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Mle ndani gitaa na kompyuta vimechanganywa hata msikilizaji hawezi kusema kimoja kimeishia wapi, na hiyo ni sifa.

Bura haina jina katika historia hiyo. Ni mji wa mradi wa umwagiliaji uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, wakaletwa walowezi kutoka pande nyingi za Kenya kulima pamba karibu na Wapokomo na Waorma wenye mto wao wa Tana. Gitaa la umeme huku, kama kule mjini Garsen, aghalabu huonekana kanisani: huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na spika ni zile zile za mhubiri. Hapo ndipo pazuri pa kuvipimia visanduku hivi, kwa sababu mahali pasipo na kikuza sauti cha vali, wala stima ya kuaminika, wala duka la vipuri, kisanduku hakina pa kujificha.

Jambo la kwanza la kupima ni lango la kelele. Mkwaruzo wa metali hukuza mara nyingi sana kila kinachoingia, pamoja na mvumo wa stima. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na mvumo unaosikika zaidi huwa wa hezi 100, jirani kabisa na noti ya G iliyopo mraba wa tatu wa uzi mnene, ambayo ni hezi 98. Mvumo huo huingia katikati ya muziki na kuupotosha. Lango la kelele hufunguka mpigaji anapopiga na kujifunga anapozuia nyuzi, na hufanya kazi kama lango la mfereji wa Bura: likichelewa kufunguliwa, mstari wa kwanza wa mahindi hukosa maji, likichelewa kufungwa, maji yanapotea barabarani. Katika visanduku vya bei ndogo kama Zoom G1 Four na Boss GT-1, lango lipo na linatosha kwa mapigo ya kawaida, lakini kwa rifu za kukatakata hula mkia wa noti. HX Stomp ya Line 6 humwezesha mpigaji kuweka lango moja mlangoni na jingine baada ya mkwaruzo, na ukimya unaopatikana kati ya pigo na pigo ni mkali kama kisu. Ukimya huo ni nusu ya uzito wa metali.

Jambo la pili ni kinachotangulia mkwaruzo. Mafundi wa metali wamekuwa na ujanja mmoja kwa miongo kadhaa: wanaweka pedali ya kijani ya Ibanez, Tube Screamer, mbele ya kikuza sauti, wanaizungusha nobu ya mkwaruzo hadi sifuri na ile ya volyumu hadi juu. Saketi ya pedali hiyo hupunguza besi iliyo chini ya hezi 720 hivi kabla ya kuikuza, na besi ikipungua kabla ya mkato, uzi wa chini hauvurugiki. Anayesikia kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba kupunguza besi ndiko kunakoleta uzito. Karibu kila kisanduku cha leo kina nakala ya pedali hiyo, hata vile vya China kama Mooer GE150 na Valeton GP-100. Kwa kipengele hiki, cha bei ghali hakina la kujivunia.

Hapo pia ndipo hesabu ya muziki inapoingia. Wapiga metali hupenda noti mbili, ya msingi na ya tano yake, kwa sababu masafa yake yako katika uwiano wa mbili kwa tatu. E ya chini ni hezi 82.4 na tano yake ni 123.5; mkwaruzo huzaa tofauti yao, hezi 41 hivi, ambayo ni E ya gitaa la besi, oktava nzima chini. Gitaa moja hutoa sauti ambayo halina uzi wa kuitoa. Ukiongeza noti ya tatu ya akordi, tofauti zinagongana na kilichobaki ni matope. Ndiyo maana wimbo wa sauti moja moja hupita salama kwenye mkwaruzo mkubwa kuliko akordi za kanisa. Bembelezo la Kipokomo alilolitoa Mzee Meza Moroa Galana, likawa msingi wa wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, lingepita hapo bila kupoteza hata noti moja, na wapigaji wa huku wangekuwa na rifu yao ya kwanza mkononi.

Jambo la tatu, ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni kabati la spika. Spika ya gitaa haipitishi vizuri sauti iliyo juu ya kilohezi 5 hivi, na huo upungufu ndio unaogeuza mlio wa nyuki kuwa ngurumo. Mkwaruzo ukipelekwa kwenye mikisa ya kanisa bila kabati, spika za mhubiri hutoa yote, pamoja na mchirizo wa juu unaochoma masikio. Kisanduku lazima kiige kabati ndani yake. HX Stomp hupokea picha za sauti za makabati halisi, yaani rekodi fupi ya jinsi kabati fulani lilivyoitikia mbele ya maikrofoni fulani. GE150 na GP-100 nazo huzipokea. GT-1 na G1 Four hutumia tu zile zilizotoka kiwandani. Kwa tofauti hii peke yake, kisanduku cha Kichina cha bei nafuu kinaweza kukishinda cha Kijapani chenye jina kubwa zaidi.

Nyingi ya sifa nyingine zinazotangazwa zina uzito mdogo. GT-1000 ya Boss hupima sauti mara 96,000 kwa sekunde na Helix mara 48,000. Kwenye uwanja wenye upepo na spika zilizopasuka, hakuna anayezitofautisha. Idadi ya vikuza sauti vilivyoigwa ni ya kuvutia dukani tu, kwa kuwa mpigaji wa metali hutumia viwili au vitatu.

Stima ni jambo zito zaidi. G1 Four hutumia betri nne ndogo za AA na kampuni inasema hudumu hadi saa 18. GT-1 nayo hutumia betri nne za aina hiyo lakini kwa saa 7 hivi. HX Stomp inataka adapta ya volti 9 yenye ampea 3, na Quad Cortex volti 12 kwa ampea hizo hizo, mzigo ambao mtambo mdogo wa sola utaubeba ila kwa hesabu. Inveta za bei rahisi hutoa umeme uliokatwa pembe, na pembe hizo husikika gitaani kama mlio wa mbung'o; kisanduku cha betri kikikaa mbali na inveta, mlio hupungua sana. Joto la Bura, ambalo katika miezi ya ukame hupita nyuzijoto 35, si adui wa visanduku hivi, mradi visiachwe juani. Hulegeza nyuzi tu, na kipimia noti kilichomo ndani ya kila kimoja kinatosha.

Kinachobaki ni mkono. Seti iliyopangwa chumbani kwa sauti ya chini hudanganya, kwa sababu sikio kwenye ukimya halisikii besi na trebo sawasawa, na mpigaji huziongeza zote mbili huku akiondoa sauti za katikati. Siku ya kupiga na ngoma, gitaa linatoweka. Fundi mzoefu hupanga kwa sauti ya jukwaani, hukata kila kilicho chini ya hezi 80 amwachie mpiga besi, huacha sauti za katikati zisimame, na mwisho hurudisha nobu ya mkwaruzo nyuma kuliko alivyotamani. Akirekodi, hupiga rifu ile ile mara mbili, moja kushoto na moja kulia, na ukubwa unatokana na tofauti ndogo za mkono wake mwenyewe. Kiganja kilichoegemezwa kwenye daraja la gitaa, milimita chache mbele au nyuma, hubadilisha uzito kuliko nobu yoyote. Hakuna kiwanda kilichoweza kuuza hilo.

Kwa mpigaji wa Bura au Garsen mwenye fedha, HX Stomp ndiyo ya kununua, pamoja na betri nzuri ya sola. Asiye nazo na anataka sauti, GP-100 au GE150 yenye picha za makabati itamtosha kwa miaka. Anayeishi mbali na nguzo za stima achukue G1 Four na betri za akiba. Quad Cortex na Kemper ni za studio za Nairobi na Kampala. Pedali ya HM-2 pekee, bila kabati, isichomekwe kamwe kwenye spika za kanisa.